Anayesema Yake Hajavua Sitara: Kweli na Si Kweli Kuhusu Vikao vya Ushauri Nasaha Unguja

Karibu kila siku, katika nyumba za upataji nafuu zilizopo mjini na pembezoni mwa mji wa Unguja, watu huketi duara wakasimulia maisha yao mbele ya wenzao. Wengi ni vijana wa kiume waliokuwa wakitumia unga, yaani heroini, na masimulizi yao yamejaa kete za unga huo, arosto ya kuukosa na maskani walikokuwa wakishinda. Watu wanaoishi na VVU nao wana vikundi vyao, na jumuiya yao, ZAPHA+, ipo tangu miaka ya 1990. Wapo pia wanawake waliopigwa majumbani, wazazi wenye watoto wagonjwa wa akili, na watu waliofiwa. Mtu husema lililomfika, wenziwe humsikiliza, kisha hupata nafasi ya kulitazama upya jambo alilokuwa akilibeba peke yake.

Nje ya duara hilo maneno hayaishi. Nimeyachagua yanayorudiwa mno barazani, sokoni Darajani na hata katika mazungumzo ya baada ya sala. Mengine ni kweli, mengine ni nusu kweli, na mengine ni uongo unaodhuru. Ninayapima kwa sababu wapo watu wanaoumia kimya majumbani, na kilichowazuia kwenda kuketi na wenzao si umbali wala pesa bali ni walichokisikia.

"Kukaa duara na kujieleza ni mambo ya Wazungu."

Nusu kweli.

Utaratibu wenyewe una tarehe na mahali ulipoanzia. Mwaka 1905, huko Boston, Marekani, daktari Joseph Pratt aliwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu ili awafundishe namna ya kupumzika na kujitunza. Aliona kuwa kukutana kwenyewe kulikuwa kukiwapa nguvu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Ohio, Bill Wilson aliyefanya kazi ya mambo ya hisa na Bob Smith aliyekuwa daktari wa upasuaji, wote wawili walevi, waliona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenziwe hupata nguvu ya kutokunywa siku ile. Hapo ndipo zilipotoka Hatua Kumi na Mbili. Mwaka 1953, California, watumiaji wa dawa za kulevya wakazichukua hatua hizo wakaunda umoja wao. Nyumba za upataji nafuu za Zanzibar zilianza kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 2000, zikiendeshwa na watu waliowahi kutumia na wakaacha, na ndizo hatua walizozishika.

Lakini haja ya kukaa pamoja na kuyatoa ya moyoni haikuja kwa meli. Katika unyago, wanawake wamekuwa wakikutana bila wanaume na kuzungumzia mwili, ndoa na maumivu kwa uwazi usioruhusiwa barabarani. Katika kibuki, ngoma ya pepo, pepo hupanda kichwani mwa kiti wake, akaulizwa jina, akataja kilichomkasirisha na anachokitaka. Jamaa waliokusanyika wanasikia malalamiko ambayo mwanamke yule asingethubutu kuyasema kwa kinywa chake mwenyewe. Sisemi kwamba kibuki ni ushauri nasaha. Nasema kwamba jamii iliyojua kumpa mtu mahali pa kulia mbele ya watu haiwezi kudai kuwa jambo hili ni geni kwake.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Kwenye ngoma, anayelalamika ni pepo. Barazani, kwenye kona za Mji Mkongwe watu wanakokunywa kahawa na kucheza bao, tunazungumza habari za serikali, za mpira na za watu wasiokuwepo. Kikaoni mzungumzaji anatakiwa azungumze habari zake, na hakuna pepo wa kumsemea. Hilo ndilo gumu, na ndilo linalozaa hoja inayofuata.

"Kusema aibu zako mbele ya watu ni kujivua sitara, na dini inakataza."

Si kweli, ingawa hofu iliyomo ndani yake ni ya haki.

Hapa sitapita haraka, maana ndiyo hoja inayowazuia wengi zaidi, na wanaoisema si wajinga. Mafundisho ya Kiislamu yanamkataza mtu kutangaza maasi ambayo Mwenyezi Mungu amemsitiri nayo. Mtu aliyefanya jambo usiku halafu akaamka asubuhi na kulisimulia kwa majivuno ameifunua sitara aliyofunikwa. Kijana aliyelelewa kwa mafundisho haya tangu chuoni akiambiwa "sema, hapa tuko huru", anaganda. Hajakataa kupona. Anaona anaombwa avunje kitu kitakatifu.

Tuziangalie basi zile Hatua Kumi na Mbili zenyewe badala ya kuzisikia kwa mbali. Hatua ya nne inamtaka mtu aihesabu nafsi yake bila woga na kuyaandika aliyoyakuta. Hatua ya tano inamtaka ayakiri makosa hayo kwa Mungu, kwa nafsi yake, na kwa mtu mwingine mmoja. Mmoja tu. Hakuna panapomlazimu kulisomea duara zima daftari lake. Yale mazito, ya wizi, ya zinaa, ya kumpiga mzazi, yana mahali pake, nayo ni kwa mtu mmoja anayeaminika na aliyepita njia hiyo hiyo. Duara ni la mambo mengine: leo nimeamkaje, jana nilikutana na nani, nini kilinivuta, nini kilinizuia.

Hatua ya nane na ya tisa zinadai mtu awaorodheshe aliowadhulumu na kuwarudishia haki zao pale inapowezekana bila kuwaumiza zaidi. Muislamu yeyote aliyefunzwa toba anajua kwamba haki za waja hazifutwi kwa istighfari peke yake: ulichokiiba hurudishwa, uliyemdhulumu huombwa radhi. Na kujihesabu nafsi kabla ya kuhesabiwa ni jambo ambalo waalimu wetu wamelisisitiza kwa karne nyingi. Kijana wa Kwahani au Michenzani anayekaa na daftari lake usiku akiandika alimdhulumu nani, na nini, hafanyi kitu ambacho babu yake angekishangaa.

Kuna upande wa pili ambao huzungumzwa kidogo: kusema ya wengine. Mwanamke akieleza kuwa mumewe anampiga, je, anamsengenya? Imam Nawawi, katika Riyadhu Swalihina, ametaja sababu sita ambazo kwazo inaruhusiwa kumtaja mtu kwa baya lake. Miongoni mwazo ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki yake, na kutafuta msaada wa kuliondoa ovu. Maana yake ni kwamba kusudi ndilo linalopimwa. Anayesema ili asaidiwe hayuko sawa na anayesema ili afurahishe baraza. Hata hivyo kikundi kizuri huweka mpaka: eleza lililokupata wewe, majina ya watu yaache nyumbani. Kwa maoni yangu mpaka huo unailinda sitara ya watu kuliko inavyolindwa na kimya cha mtaa mzima, maana tunajua wote kimya cha mitaa yetu kinavyovuja.

"Mzanzibari huzungumza kwa mafumbo. Hawezi kusema 'mimi', kwa hiyo vikao havimfai."

Si kweli. Sehemu ya kwanza ni sahihi, lakini hitimisho lake si sahihi.

Ni kweli kwamba huku kwetu mtu husema na kanga yake kabla hajasema na mdomo wake. Mwanamke mwenye ugomvi na wifi yake huvaa jina la kanga, akapita mlangoni, na ujumbe ukafika. Taarabu imefanya kazi hiyo hiyo kwa zaidi ya karne. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alipata umaarufu kwa kuimba mambo yaliyowafika watu wa mji wake, na wasikilizaji walimjua anayesemwa bila ya kutajiwa.

Anayeingia kikaoni haviachi vyote hivi mlangoni. Sikiliza mtu akianza kueleza. Hasemi: "Nilikuwa nikiamka nikiwa na arosto." Atasema: "Mtu unaamka asubuhi, mwili wote unauma, huna hata shilingi, unaanza kufikiri umfuate nani." Mama aliyeachwa hatasema: "Nilirudi kwetu nikiwa na aibu." Atauliza: "Mwanamke akirudi kwao na watoto watatu, atamtazama mamaake kwa jicho gani?" Yeye mwenyewe yumo ndani ya sentensi, ila amejiweka hatua chache kando.

Wapo waongozaji wanaomkatiza mtu hapo hapo: sema mimi, usiseme mtu. Naona wanakosea. Mwaka 2017, Ariana Orvell, Ethan Kross na Susan Gelman wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya jambo hili. Watu walioombwa watafute maana ya tukio baya lililowapata walitumia lugha ya jumla, ile ya "ukifanya hivi, yanakukuta haya", zaidi ya walioombwa kulisimulia tukio tu, na lugha hiyo iliwasaidia kulitazama jambo kwa mbali kidogo. Utafiti wa mwaka 2014, ambao Kross aliuongoza, ulionyesha kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake, kana kwamba anazungumza na mwenziwe, hupunguza wasiwasi kabla ya jambo la kutia hofu. Walikuwa Wamarekani wakizungumza Kiingereza, lakini aliyekulia pwani ataitambua hali hiyo. Fumbo si lazima liwe pa kujificha. Mara nyingi ni pa kusimamia ili mtu aweze kuona.

Ila kuna siku ambayo fumbo huwa kichaka. Mtu akisema kwa miezi kwamba "watu huuza dhahabu za wazazi wao", na hajafika kusema "niliuza bangili za mama", hajaanza kazi. Mwongozaji mzoefu hamsukumi. Husubiri, halafu huuliza swali dogo: "Na wewe, kwenu ilikuwaje?" Siku ikifika, sentensi hubadilika yenyewe. Katika kikao kizuri mabadiliko hayo husikika kabisa: mzungumzaji anaanza na "mtu", anapita kwa "sisi tuliokuwa kwenye unga", na mwisho anasema "mimi". Safari hiyo huchukua saa moja kwa mmoja, na mwaka kwa mwingine.

"Mji hauna siri. La kikaoni leo, kesho liko Forodhani."

Kuna ukweli ndani yake, na kikundi kinachoukana hakifai.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba pamoja. Kwa jamii ya ukubwa huo, na katika mji ambao dirisha la jirani liko mkono mmoja kutoka kwako, mtu anaweza kuingia kikaoni akamkuta shemeji wa dada yake. Mjini Dar es Salaam unaweza kupotea ndani ya watu. Huku huwezi.

Mshauri anaapishwa na maadili ya kazi yake. Wanakikundi wengine hawajaapishwa na yeyote, na hakuna anayeweza kukuhakikishia ndimi zao. Mwongozaji mkweli husema hivyo siku ya kwanza. Kisha kikundi hujiwekea masharti kwa sauti, kila mmoja akiyakubali: lisemwalo hapa linabaki hapa, atakaye kutumia jina la utani atumie, simu zizimwe, asiyekuwa mwanakikundi haingii. Wengine huchagua makusudi kikundi cha mbali na mtaani kwao, na hakuna ubaya wa mtu wa Malindi kupanda daladala kwenda kukaa na watu wa Bububu.

Kuna siri moja ambayo haifichiki, nayo lazima ielezwe mapema. Kikaoni likitajwa jambo la mtoto anayedhuriwa, mwongozaji hawezi kulinyamazia. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, na usalama wa mtoto unatangulia siri ya mkubwa. Anayeahidi kuficha kila kitu anaahidi asichokuwa na haki nacho.

"Ukiyamwaga yote kwa mara moja, moyo unapoa."

Si kweli, na hili linaweza kuumiza.

Imani hii ina nguvu hasa baada ya msiba mkubwa. Zanzibar inaijua misiba hiyo. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Waliookoka na waliofiwa walibaki na picha ambazo hazifutiki. Katika hali kama hiyo wasaidizi wenye nia njema hutamani kuwakalisha watu haraka na kuwaambia: simulieni yote, mlichokiona, mlichokisikia, mlichokihisi.

Njia hiyo ya kumsimulisha mtu kila kitu katika kikao kimoja mara baada ya janga ilienea sana duniani tangu miaka ya 1980. Mwaka 2002 watafiti wa Cochrane walizipitia tafiti zilizokuwapo juu ya vikao hivyo vya mara moja. Hawakuona ushahidi kwamba vinamkinga mtu na maradhi ya mshtuko, na katika utafiti mmoja waliopitishwa humo walikuwa katika hali mbaya zaidi mwaka mmoja baadaye. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri kitu kingine kwa siku za mwanzo: usalama, chakula, kumkutanisha mtu na jamaa zake, na kumsikiliza kwa kiasi anachotaka yeye kusema. Matanga yetu, yakiwa ya kweli, hufanya mengi ya hayo bila kufundishwa. Watu wanakuja, wanapika, wanakaa na mfiwa, na hakuna anayemhoji.

Kwa hiyo kinachoponya ni nini, ikiwa si kumwaga? Tangu mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani amekuwa akiwaomba watu waandike juu ya mambo mazito yaliyowapata, kwa dakika 15 hivi kila siku, siku chache mfululizo. Wengi walipata nafuu, lakini si wote sawa. Yeye na wenzake walipoyachunguza maandishi waliona kuwa waliofaidika zaidi ni wale ambao siku baada ya siku waliongeza maneno ya sababu na ya kuelewa, ya namna ya "kwa sababu", "nimetambua", "sasa naona". Hadithi yao ilikuwa ikisogea. Aliyeandika maumivu yale yale kwa maneno yale yale hakufika mbali.

Upande wa pili wa jambo hili aliuonyesha Susan Nolen-Hoeksema. Alikuwa amewapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford wiki mbili kabla ya tetemeko la ardhi la Loma Prieta la mwaka 1989. Baada ya tetemeko, wale waliokuwa na tabia ya kuzungushazungusha huzuni yao kichwani ndio waliobaki na unyonge zaidi. Kufikiri sana juu ya yaliyokupata si lazima kukufae. Inategemea kama fikra inatembea au inazunguka palepale.

Na hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya kikundi kuliko kujifungia chumbani. Ukiwa peke yako unaweza kuikariri hadithi moja kwa miaka kumi. Kikaoni yupo atakayekuuliza: "Ile siku uliyosema hakuna aliyekujali, si ndiyo uliyotuambia dada yako alikuletea chakula hospitali?" Swali la namna hiyo haliondoi maumivu. Linakitia ndani ya hadithi kitu ambacho mwenyewe hukukiona.

"Anayekaa kimya kikaoni anapoteza wakati."

Si kweli. Mwanasaikolojia Irvin Yalom, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya tiba ya vikundi, alizitaja nguvu zinazofanya kazi ndani ya kikundi, na miongoni mwa za mwanzo aliweka ile ya kugundua kwamba hauko peke yako. Ili uigundue unahitaji masikio tu. Mgeni katika nyumba ya upataji nafuu anaweza kukaa wiki nzima bila kusema zaidi ya jina lake, huku kila siku akisikia maisha yake yakisimuliwa na watu ambao hakuwahi kuonana nao. Aachwe asikilize.

"Wa kuongoza kikao lazima awe daktari."

Si kweli, kwa masharti.

Ushahidi wenye nguvu uko kwa jirani zetu. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 30 na kulichapisha mwaka 2003. Vikundi vya wanaume viliongozwa na wanaume, vya wanawake na wanawake, wote wenyeji waliokuwa wakizungumza lugha ya watu, wasiokuwa madaktari, waliofunzwa kwa wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Katika vikundi hivyo, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Zimbabwe nako, kazi aliyoianzisha daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 imewafunza bibi wa mitaani kuwasikiliza watu kwenye mabenchi ya nje ya vituo vya afya, na baadhi ya wanaosaidiwa huendelea kukutana kwa vikundi.

Tanzania nayo imo. Watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, nusu yao wa Moshi na nusu wa Bungoma, Kenya, waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, na waliosaidiwa kwa vikundi walihudumiwa na washauri wasiokuwa na taaluma ya afya ya akili. Katika sehemu tatu kati ya nne walipata nafuu ya mshtuko kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Katika ya nne, Moshi vijijini, tofauti haikuonekana. Naitaja kwa sababu haifai kumwambia msomaji kuwa vikundi vinafaa kila mahali kwa kipimo kile kile.

Masharti niliyoyasema ni haya. Waongozaji wote hao walifunzwa, na walikuwa na wa kuwasimamia na kuwarekebisha. Kumtwika kijana aliyemaliza mwaka mmoja bila unga kazi ya kuongoza watu ishirini, bila mtu wa kumwuliza, ni kumdhulumu yeye na wao. Na kuna hali ambazo duara halizitoshi. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, anayetaka kujiua, au mlevi wa muda mrefu anayeacha pombe ghafla na kuanza kutetemeka na kuweweseka, anahitaji hospitali. Hospitali ya Kidongo Chekundu ipo kwa ajili hiyo.

"Fulani alikaa vikaoni miezi sita akarudia unga. Basi vikao ni bure. Na anayekunywa methadoni hajaacha kitu."

Si kweli zote mbili.

Uraibu wa heroini ni maradhi yanayorudi, na kurudi kwake si ushahidi dhidi ya vikao. Hatari yake kubwa ni nyingine, na familia zinapaswa kuijua: mwili uliokaa miezi bila unga umepoteza ustahamilivu wake. Kiasi alichokuwa akikitumia zamani bila shida sasa kinaweza kumuua. Kwa hiyo kijana akiteleza, mlango wa nyumbani na wa kikao uwe wazi usiku ule ule. Aliyefukuzwa kwa aibu huenda kutumia mafichoni, na mafichoni hakuna wa kumwokoa.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Kidongo Chekundu mwaka 2015. Ni dawa inayonywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu, inaondoa arosto bila ya kulewesha kwa namna ya unga, na inampunguzia mtu haja ya sindano na maradhi yake. Baadhi ya watu walioacha kwa njia ya hatua wanawaona wenzao wa methadoni kuwa hawajawa safi. Nawaheshimu kwa walichokipita, lakini hapa siko pamoja nao. Mtu aliyelala usingizi, aliyekula, ambaye hatafuti pesa ya kete asubuhi, ndiye mwenye nafasi ya kukaa na kutafakari maisha yake. Anayeumwa na arosto hatafakari chochote. Dawa na duara vinasaidiana, na kumfungia mlango anayekunywa dawa ni kosa.

Wanawake wana shida ya ziada katika haya yote. Nyumba za upataji nafuu zilianza kwa wanaume na bado wengi wa wanaohudumiwa humo ni wanaume, na mwanamke aliyetumia unga huhukumiwa mara mbili, kwa unga na kwa uanamke wake. Wenye mamlaka wanaosoma haya walitazame hilo kwa macho mawili.

Masheikh na maimamu wa Unguja, nawaomba mlizungumze suala la sitara hadharani, kwenye darsa na khutba, ili kijana anayeogopa kwenda kikaoni ajue kwamba kutafuta tiba si kutangaza maasi. Neno lenu moja litafika mahali ambapo makala kama hii haifiki. Nawe msomaji, ukialikwa kwenye kikundi, kwanza uliza: nani anakiongoza, amefunzwa na nani, nani anamsimamia, siri inalindwaje, na je, unaruhusiwa kunyamaza? Ukijibiwa vizuri, kaa. Ukijibiwa kwa hasira, ondoka utafute kingine. Na kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anafikiria kujiua, msingoje kikao cha wiki ijayo. Nendeni hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Kidongo Chekundu leo hii, na mmoja wenu asimwache mwenziwe peke yake njiani.